Vitamini D kwa mzee wa Dodoma: jua, sahani na kidonge

Dodoma haina upungufu wa jua. Mji uko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni ya kusikia kwenye redio. Hata hivyo mzee anaweza kuishi mitaa ya Nkuhungu au Kisasa miaka mitano huku vitamini D ikizidi kupungua kwenye damu yake. Anga halina kosa. Kosa liko kwenye kuta, nguo na umri.

Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya watafiti waliopima damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, wakishinda nje. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, kiasi ambacho wengi wa mijini hawakifikii. Mtu anayelima, kuchunga au kuchota maji hujijaza mwenyewe bila kidonge. Tatizo huanza siku anapoacha shamba Bahi au Kongwa, analetwa mjini kwa mwanawe, anapewa chumba kizuri chenye pazia, na jua analiona kupitia dirishani. Juu ya hapo, ngozi ya mtu wa miaka 80, ikipigwa jua lile lile, hutengeneza chini ya nusu ya vitamini D inayotengenezwa na ngozi ya kijana.

Kinachofanyika mwilini

Ikitoka kwenye ngozi au tumboni, vitamini D hupita kwenye ini na kugeuzwa kuwa akiba inayozunguka kwenye damu. Akiba hiyo ndiyo maabara hupima. Figo huchukua sehemu yake na kuifanya homoni inayosimamia kalsiamu na mifupa. Seli za kinga nazo zina mtambo wao wa pembeni: makrofaji, yaani seli inayomeza vijidudu, huchota akiba ile, huiwasha yenyewe kwa ndani, kisha hutengeneza katelisidini, kemikali inayotoboa bakteria, wakiwamo wa kifua kikuu. Jambo hili lilionyeshwa maabara mwaka 2006. Akiba ikiwa ndogo, mtambo upo lakini malighafi hamna. Vitamini hiyo hiyo husaidia pia kutuliza mwako wa kinga, ule ambao kwa wazee huendelea chini kwa chini kama makaa ndani ya jivu.

Hapa ndipo watu huruka hatua. Wanasema: kama kidogo kinasaidia, basi kingi kitafanya kinga iwe ya chuma. Fikiria simtanki la uani. Likiwa tupu, bomba la jikoni halitoi kitu. Likijaa, bomba linatoa. Ukiendelea kumimina, maji yanamwagika tu, wala bomba haliongezi kasi.

Majaribio yanasema hivyo hivyo. Mwaka 2017 majaribio 25 yalipounganishwa, vitamini D ya kila siku au kila wiki ilionekana kupunguza maambukizi ya njia ya hewa, hasa kwa waliokuwa na upungufu mkubwa. Dozi kubwa za mara moja hazikusaidia. Majaribio yalipoongezeka na hesabu kurudiwa mwaka 2025, faida ilikuwa imepungua hadi ikashindwa kutofautishwa na bahati. Na hapa kwetu, Dar es Salaam, watu wazima 4,000 walioanza ARV walipewa vitamini D au kidonge kisicho na dawa. Matokeo ya 2020 hayakuonyesha vifo kupungua wala kifua kikuu kuzuiwa. Kwa hiyo anayekuuzia kopo kwa jina la "dawa ya kupandisha kinga" anakuuzia matumaini. Kazi halisi ni kuziba pengo, na mzee wa ndani ana kila sababu ya kuwa na pengo. Ndiyo maana mwongozo wa 2024 wa chama cha madaktari wa homoni cha Marekani unapendekeza vitamini D kwa wenye miaka 75 na zaidi hata bila kupima damu, lakini haupendekezi kuzidisha kwa watu wa miaka 50 hadi 74 wenye afya.

Anza kwa kumpima mzee kwa macho

Kipimo cha damu kina gharama, na mara nyingi hakibadilishi uamuzi. Maswali haya hutosha kuanzia:

- Kwa wiki nzima iliyopita, amekaa juani mikono na miguu ikiwa wazi mara ngapi? Chini ya tatu ni dalili mbaya. Kivuli cha kibaraza hakihesabiwi.
- Ana miaka 75 au zaidi?
- Anavaa nguo za kufunika mwili wote, au anajitanda blanketi mchana kutwa?
- Ni mnene sana? Vitamini D hujificha kwenye mafuta ya mwili.
- Anatumia dawa za kifafa (fenitoini, fenobabitoni, kabamazepini), rifampisini, efavirenzi, au prednisoloni ya muda mrefu? Dawa hizi humaliza akiba haraka au huizuia kufanya kazi.
- Ana maumivu ya mifupa yasiyo na mahali maalumu, au mapaja yamelegea hadi hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu?

Majibu mawili mabaya yanatosha kuanza na jua, chakula na dozi ndogo ya kidonge. Swali la mwisho likijibiwa ndiyo, muone daktari kwanza, maana mifupa laini na mifupa iliyoliwa na saratani huuma kwa namna zinazofanana.

Jua: tumia mkongojo kama saa

Mionzi inayotengeneza vitamini D ni UVB. Jua likiwa chini, mionzi hiyo hupita kwenye hewa nyingi na kuishia njiani. Ule ushauri wa kumtoa mzee saa 1 hadi saa 3 asubuhi, kama mtoto mchanga, humpa joto zuri na vitamini D kidogo sana.

Kanuni ni kivuli. Simamisha mkongojo wa mzee wima kwenye ardhi tambarare. Kivuli chake kikiwa kirefu kuliko mkongojo, UVB ni haba. Kikiwa kifupi, ngozi inafanya kazi. Kwa Dodoma hali hiyo huanza karibu saa 4 kasoro asubuhi na kuisha saa 9 na nusu alasiri kwa miezi kama Machi na Oktoba. Mwezi Juni hupungua, kuanzia saa 4 na dakika 20 hadi karibu saa 9. Utosini kabisa jua hufika kati ya saa 6:20 na saa 6:50 mchana kutegemea mwezi, wala si saa 6 kamili, kwa sababu saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 ulio mashariki zaidi ya Dodoma.

Utosini si mahali pa kumweka mzee. Chagua pembe za siku: saa 4 na nusu hadi saa 5 asubuhi, au saa 8 na nusu hadi saa 9 alasiri.

1. Mpe glasi ya maji kabla. Oktoba na Novemba, miezi ya joto kali kabla ya mvua, mpe mbili.
2. Kichwa na uso vifunikwe kwa kofia au kanga. Uso ni eneo dogo, na macho ya mzee yana mtoto wa jicho wa kutosha bila kuongezewa.
3. Acha wazi mikono kuanzia kwenye viwiko na miguu kuanzia magotini. Eneo hilo ni zaidi ya mara mbili ya uso na viganja pamoja. Kwa mama anayejitanda, uani penye uzio panafaa; dirisha halifai, kwa kuwa kioo huzuia karibu UVB yote, hata cha gari.
4. Anza na dakika 10, ongeza tano kila baada ya siku mbili, ufike 20 hadi 30. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu mara kadhaa kuliko nyeupe, kwa hiyo dakika tano za kupita uani hazitoshi.
5. Mara tatu hadi nne kwa wiki. Ngozi ikishatengeneza kiasi chake, jua linaloendelea huvunja ziada. Kushinda juani hakuongezi kitu zaidi ya kiu.
6. Akimaliza, aketi kivulini dakika tano ndipo asimame. Anayetumia dawa za presha za kukojoza huweza kupata kizunguzungu na kuanguka, na nyonga iliyovunjika haitibiwi na vitamini.

Kuanzia Juni hadi Agosti kinachomrudisha mzee ndani ni upepo. Upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na miezi hiyo jua la mchana liko upande wa kaskazini. Mweke basi upande wa kaskazini wa nyumba, au wa magharibi ikiwa ni alasiri: ukuta unakinga upepo na jua linampata. Desemba na Januari jua huhamia kusini, pale pale pa Juni pakawa na kivuli.

Wazee wengi hawapendi kuambiwa "toka ukaote jua", wanaona wanafanywa watoto au wagonjwa. Mpe kazi. Kumenya karanga, kupembua uwele, kuwaangalia kuku wasipande kwenye ungo: dakika 30 zinapita bila ubishi.

Mtu mwenye ualbino asiwekwe juani kwa sababu hii, awe na umri wowote. Kwake vitamini D itoke kwenye sahani na kidonge, kwa kuwa saratani ya ngozi ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko upungufu. Vivyo hivyo mwenye kidonda cha ngozi kisichopona, au anayetumia doksisaiklini wakati huo, ambayo huifanya ngozi iungue upesi.

Sahani

Ukweli mchungu: chakula cha kawaida cha Dodoma ni kizuri kwa mambo mengi, lakini si kwa hili. Ugali wa uwele au mtama, mlenda, karanga, ubuyu na zabibu vina magnesiamu, nyuzinyuzi na vingine, ila havina vitamini D. Kuanika mboga za majani juani hakuiongezi. Maziwa ya ng'ombe wa kienyeji nayo yana kidogo mno.

Vyenye vitamini D ni hivi. Yai moja lina IU 40 hivi (IU ni kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini), zote kwenye kiini. Kumpa mzee ute na kutupa kiini kwa kuogopa mafuta ni kutupa kilichotafutwa. Gramu 100 za sato zina kama IU 120. Ini la ng'ombe, kipande cha gramu 100, IU 50. Kopo dogo la dagaa wa kopo hutoa kati ya IU 150 na 200. Vibua wana zaidi kwa kuwa ni samaki wa mafuta. Dagaa wakavu wanaoliwa wazima wana faida ya pili, kalsiamu ya mifupa yao. Mabwawa ya Mtera na Hombolo na masoko ya mjini hutoa samaki. Wapike mchuzi na usimwage mafuta yanayoelea.

Sasa piga hesabu. Yai kila siku, na sato wa gramu 150 mara tatu kwa wiki: 40 jumlisha 77, unapata IU 117 kwa siku. Mzee wa zaidi ya miaka 70 anahitaji IU 800. Sahani inasaidia, haitoshi.

Kitu kimoja huvunja hesabu hiyo: uyoga. Una kemikali ambayo ikipigwa na UVB hugeuka vitamini D2, kama ngozi yetu inavyofanya D3. Chukua uyoga mamama uliolimwa, au wa porini ulioletwa na mtu anayeujua kweli, maana uyoga wa sumu hauna dawa ya mkato. Futa vumbi kwa kitambaa badala ya kuuloweka. Kata vipande vyembamba, tandaza kwenye ungo, mikunjo ya chini ikielekea juu, kwa kuwa hapo ndipo penye kemikali nyingi. Anika kati ya saa 5 na saa 8 mchana kwa saa nzima, wazi, bila kioo. Neti ya nzi ukiiweka, iwe nyepesi. Gramu 100 mbichi zinaweza kufikia IU 400 na kuzidi. Unaweza kuupika siku hiyo, au kuendelea kuukausha hadi ukatike kama kijiti, kisha uuhifadhi kwenye chupa iliyofungwa na kuwekwa gizani. Ukikaushwa kivulini tangu mwanzo au kwenye tanuri, utakuwa uyoga mtamu na basi.

Mafuta ya ini la samaki hutajwa sana. Kijiko cha chai cha mafuta ya ini la chewa ("cod liver oil") kina IU 400 hadi 450, lakini pia kina vitamini A nyingi, ambayo ikizidi kwa miaka hudhoofisha mifupa ya mzee. Kijiko kimoja kwa siku ndicho kikomo, na kisichanganywe na multivitamini yenye vitamini A.

Kidonge

Kwa mzee wa ndani, IU 800 hadi 1,000 za D3 kila siku zinatosha. Mnene sana au anayetumia dawa za kifafa anaweza kuhitaji 2,000. Bila daktari usivuke 4,000 kwa siku, ukihesabu vyanzo vyote. D3 huinua akiba vizuri kuliko D2. Kwenye boksi tafuta neno kolekalsiferoli, ambalo kiwandani huandikwa "cholecalciferol".

Makosa mengi hutokea kwenye kusoma lebo. Mikrogramu (mcg) 1 ni IU 40, basi:

- mikrogramu 10 = IU 400
- mikrogramu 20 = IU 800
- mikrogramu 25 = IU 1,000
- mikrogramu 50 = IU 2,000
- mikrogramu 1,250 = IU 50,000

Anayesoma "mcg 1,000" akadhani ni "IU 1,000" amekosea mara arobaini.

Kosa la pili ni kapsuli kubwa za IU 50,000 au 60,000. Hizi ni za wiki, kwa mwenye upungufu uliothibitishwa, kwa wiki 6 hadi 8, kisha anarudi dozi ndogo. Kosa linalojirudia ni kuzimeza kila siku kwa kuwa boksi halikuandikwa maelekezo. Mwandikie mzee siku yenyewe juu ya boksi kwa kalamu nene: "Jumapili tu". Na usifikirie kumpa dozi ya mwaka mzima kwa mkupuo ili umalize kazi. Mwaka 2010 jaribio la Australia liliwapa wanawake wa miaka 70 na zaidi IU 500,000 mara moja kwa mwaka. Walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya wasiopewa.

Kosa la tatu: vidonge vya kalsiamu vyenye vitamini D. Vingi kati ya hivyo vina kalsiamu miligramu 500 na vitamini D IU 200 tu. Ukitaka IU 800 kwa vidonge hivyo utampa vinne, yaani kalsiamu miligramu 2,000, kabla hajala dagaa hata mmoja. Mahitaji yake ya siku nzima ni 1,200. Choo kitagoma, na mawe ya figo yanaweza kufuata. Nunua vitamini D peke yake.

Matone nayo hutofautiana. Chupa moja ina IU 400 kwa mililita, nyingine IU 400 kwa tone moja. Soma kila unapobadilisha aina, na utumie kidude cha chupa hiyo hiyo.

Kidonge kimezwe pamoja na mlo wenye mafuta: mboga iliyoungwa kwa karanga, yai, samaki. Kwa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha sehemu yake hupita bila kufyonzwa. Saa yoyote inafaa. Ichague ile ambayo tayari anameza dawa ya presha ili asisahau. Akisahau jana, leo anameza kimoja, si viwili.

Nunua famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali, na uangalie kama bidhaa imesajiliwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na tarehe ya kuisha. Vilivyopangwa juani kwenye meza ya mnadani, hata kama kopo linang'aa, viache hapo. Nyumbani usiviweke jikoni wala juu ya kabati chini ya bati lisilo na dari. Joto la mchana la Novemba hapo hupita nyuzi 30 zinazoandikwa kwenye maboksi mengi. Chumba cha kulala, ndani ya droo, panatosha.

Wasioanza bila daktari

Mwenye ugonjwa wa figo: figo dhaifu hushindwa kuiwasha vitamini D, naye hupewa aina nyingine kama alfakalsidoli, yenye nguvu na hatari yake. Aliyewahi kupata mawe ya figo. Mwenye kifua kikuu kinachoendelea au sakoidosisi (ugonjwa wa vinundu, hasa kwenye mapafu), kwa sababu ule mtambo wa makrofaji huweza kukosa breki na kupandisha kalsiamu kwenye damu. Anayetumia digoksini, maana kalsiamu ikipanda mapigo ya moyo huvurugika. Anayetumia dawa za kukojoza jamii ya thiazidi, mfano haidroklorothiazidi au bendrofluazidi, ambazo hubakiza kalsiamu mwilini; huyu anaweza kutumia IU 800, ila asiongezewe vidonge vya kalsiamu bila kupimwa.

Kwa anayetumia ARV zenye dolutegravir, vitamini D yenyewe haina ugomvi nazo. Kalsiamu, chuma na magnesiamu ndivyo huifunga dolutegravir tumboni. Dawa imezwe saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake. Dawa ya tezi ya levothairoksini nayo itengwe na kalsiamu kwa saa 4.

Dalili za kuzidisha huja polepole na zinafanana na uzee: kiu isiyokatika, kukojoa sana, kichefuchefu, kukosa choo, uchovu, kuchanganyikiwa. Familia husema "mzee amechoka tu". Akiwa na mbili kati ya hizo na anameza vitamini D, simamisha vidonge, mpeleke hospitali na boksi mkononi, omba apimwe kalsiamu na figo. Jua, kwa upande wake, halijawahi kumzidishia mtu.

Ukihitaji kipimo

Omba "25-hidroksi vitamini D". Kuna kipimo kingine cha homoni iliyokwisha kuwashwa. Hicho huweza kuwa cha kawaida hata akiba ikiwa imeisha, na watu hudanganyika nacho. Si kila maabara inafanya, kwa hiyo ulizia kabla ya kumpandisha mzee bajaji hadi Hospitali ya Benjamin Mkapa au General, yaani hospitali ya rufaa ya mkoa. Akishafika, aelekezwe dirisha la wazee.

Majibu huja kwa nanogramu kwa mililita au nanomoli kwa lita. Zidisha ya kwanza kwa 2.5 upate ya pili. Chini ya nanogramu 12 (nanomoli 30) ni upungufu unaohitaji dozi ya matibabu. Kati ya 12 na 20, ongeza jua na dozi ya kila siku. Kuanzia 20 (nanomoli 50), inatosha kwa watu wengi. Zaidi ya 50 (nanomoli 125) hakuna faida inayojulikana, punguza. Soma kizio kabla ya kushtuka: "30" ya nanogramu ni nzuri, "30" ya nanomoli ni mbaya.

Kinga haikai kwenye kopo moja

Mzee anayekula ugali na mlenda tu hana protini ya kutosha kutengenezea kingamwili. Maharage, kunde, mayai, maziwa na dagaa ni kinga zaidi ya kidonge chochote. Sukari isiyodhibitiwa huvuruga kinga kuliko upungufu wa vitamini D. Moshi wa kuni ndani ya jiko lililofungwa huharibu mapafu ambayo vitamini D inatarajiwa kuyalinda. Na kikohozi cha wiki mbili na zaidi hakisubiri vidonge vifanye kazi: apimwe kifua kikuu kwenye kituo cha serikali, bila malipo.

Baada ya miezi mitatu

Akiba hupanda taratibu, hufika kiwango chake kipya baada ya miezi mitatu hivi. Kupima tena wiki ya nne ni kupoteza fedha. Ikiwa alianza na upungufu uliopimwa, rudia sasa. Kama hakupimwa, mjaribu mara mbili, siku anayoanza na tena baada ya miezi mitatu, kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, kimeegemezwa ukutani: avuke mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano mfululizo, wewe ukihesabu sekunde na kusimama karibu. Zaidi ya sekunde 15 ni mapaja dhaifu. Andika namba ya siku ya kwanza na ya leo. Ikiwa imepungua, endelea na dozi ile ile bila kuongeza. Ikiwa haijapungua ingawa jua, samaki na kidonge havikukosekana, vitamini D haikuwa tatizo lake kuu, na namba hizo mbili ndizo za kumpelekea daktari.